Mabepari wa Venisi na Kicheko cha Darasani

Tangu nistaafu ualimu, kazi ya kupanga wasomaji wa masomo ya Dominika katika parokia yetu hapa Ufukoni, Mtwara, iko mikononi mwangu. Ni kazi ndogo: orodha ya majina, tarehe, somo la kwanza, somo la pili. Mwaka juzi nilimwandika muumini mmoja, fundi seremala, mtu anayeifahamu Biblia kuliko wengi wetu. Baada ya Misa alinifuata nje ya kanisa, akaniomba kwa upole nilifute jina lake.

"Mwalimu," aliniambia, "ulimi wangu huu si wa kusomea watu. Wewe unajua."

Nilijua. Tulisoma darasa moja sekondari, miaka ya mwisho ya 1970, katika shule ambayo sitaitaja. Nilikuwapo siku ulimi wake ulipohukumiwa, na nilikuwa miongoni mwa mahakimu. Kitabu tulichokuwa tukisoma siku ile kilikuwa Mabepari wa Venisi. Naomba nikisome upya pamoja nawe, ndugu msomaji, kwa sababu naamini kitabu kile na kicheko cha darasa lile vina jambo moja la kutufundisha kama Kanisa.

Kwa asiyekisoma, hadithi yenyewe ni hii. Antonio, mfanyabiashara Mkristo wa mji wa Venisi, anataka kumsaidia rafiki yake Bassanio aende kumposa Portia, binti tajiri. Fedha zake zote ziko baharini pamoja na majahazi yake. Basi anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba. Shylock safari hii hataki riba. Anataka hati iandikwe kwamba deni lisipolipwa kwa muda wa miezi mitatu, atakata ratili moja ya nyama kutoka mwilini mwa Antonio. Habari zinafika kwamba majahazi yamepotea, muda unapita, kesi inaingia mahakamani. Portia anavaa nguo za kiume, anajifanya mwanasheria, na anamshinda Shylock kwa hoja maarufu: hati inasema nyama, haisemi damu. Shylock anapoteza kesi, mali, na mwisho dini yake.

Mwandishi ni Shakespeare wa Uingereza, aliyeiandika tamthiliya hii kati ya 1596 na 1598 hivi. Aliyeileta kwa Kiswahili ni Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1969, baada ya ile ya Julius Caesar. Mtu aliyekuwa akiongoza nchi changa alipata wapi muda wa kukaa na mizani ya mashairi ya Kiingereza, sijui, ila kazi ni nzuri. Alionesha kwamba Kiswahili, lugha ambayo wengine waliiona ni ya sokoni na jikoni, kinaweza kubeba maneno ya mahakama, ya mapenzi na ya hasira, bila kuazima mgongo wa mtu. Simkosoi Mwalimu kwa dharau. Nafanya alichokuwa akitutaka tufanye, yaani kusoma na kufikiri.

Tuanze na jina la kitabu. Kwa Kiingereza jina linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, si Shylock kama wengi wanavyodhani. Nyerere aliweka wingi, na mahali pa mfanyabiashara akaweka bepari. Kumbuka mwaka: Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Bepari wakati ule alikuwa mnyonyaji, kupe, adui wa taifa. Kwa jina hilo Mwalimu alifanya jambo la akili: aliwaweka Antonio na Shylock katika kapu moja. Mkristo mwenye majahazi na Myahudi mwenye mikopo, wote ni watu wa mali, na Venisi nzima inaishi kwa fedha. Usomaji huo ni wa haki kuliko ule wa Wazungu wengi walioona uchoyo kwa Shylock peke yake.

Lakini jina hilo lilitufunika macho upande mwingine. Tuliingia darasani tukijua tayari nani wa kumchukia na kwa sababu gani. Maswali tuliyopewa yalikuwa ya namna moja: eleza unyonyaji wa Shylock, eleza tamaa ya Shylock. Sikumbuki hata siku moja tukiulizwa kwa nini Antonio alikuwa akimtemea mate. Maana ndivyo kitabu kinavyosema. Kabla ya hati, kabla ya kisu, Shylock anamkumbusha Antonio kwamba amemtemea mate ndevuni, amempiga teke kama mbwa asiye na mwenyewe, amemtukana mbele za watu sokoni. Antonio hakanushi wala haombi radhi. Anajibu kwamba huenda atafanya hivyo tena. Huyu ndiye mtu mwema wa hadithi.

Wala Shylock si malaika. Anasema wazi kwamba anamchukia Antonio kwa Ukristo wake, na zaidi kwa kuwa anakopesha bure na kumharibia biashara. Chuki iko pande zote mbili. Tofauti ni kwamba mmoja ana mji mzima nyuma yake. Venisi ya kweli iliwatengea Wayahudi mtaa wao mwaka 1516, wenye malango yaliyofungwa usiku. Katika sehemu nyingi za Ulaya walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, na Kanisa likiwakataza Wakristo riba, kazi ya kukopesha ikawaangukia wao. Kisha wakachukiwa kwa kazi waliyoachiwa. Mtu akisoma kitabu hiki kama habari ya bepari tu, atadhani Shylock alichukiwa kwa sababu ya fedha zake. Ukweli ni kwamba alichukiwa kwanza, na fedha zikawa ushahidi uliotafutwa baadaye.

Watu waliojaa ukumbini London kumcheka Shylock, wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona Myahudi. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656. Yaani walikuwa wakicheka watu ambao hawakuwa jirani zao kwa karne tatu. Ubaguzi hauhitaji kumfahamu mtu. Unahitaji hadithi inayorudiwa vizuri. Mwaka 1943, wakati Wayahudi wa Ulaya wakiuawa kwa mamilioni, tamthiliya hii hii ilichezwa Vienna chini ya utawala wa Wanazi, Shylock akioneshwa kama kinyago cha kuchukiza. Shakespeare hakuwa Mnazi. Tena alimpa Shylock maneno mazito ya kuuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hachomwi akatoka damu kama Mkristo. Lakini watu wazima wa Vienna waliweza kuketi, wakasikia hadithi ileile, wakarudi nyumbani na chuki yao ikiwa salama. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu kitabu kikubwa kinachosomwa bila kuulizwa maswali.

Nirudi darasani. Mimi nilipewa sehemu ya Portia. Nilikuwa na Kiswahili cha pwani, chenye mteremko, na mwalimu wetu alikipenda. Niliyasoma yale maneno ya Portia juu ya huruma, kwamba haishurutishwi, kwamba humbariki anayeitoa na anayeipokea. Darasa lilitulia kimya. Mwalimu alisema huo ndio Ukristo.

Hakutuonesha mambo mawili mengine anayofanya Portia. La kwanza linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Miongoni mwa wachumba wake ni Mwana wa mfalme wa Moroko, mtu mweusi, ambaye kabla ya kuanza kujieleza inambidi aombe asichukiwe kwa rangi yake. Anachagua sanduku la dhahabu, anakosea, anaondoka kwa heshima. Mgongo wake ukishageuka, Portia anasema kwamba wote wa rangi ile na wachague vivyo hivyo. Huyu ndiye dada wa huruma! Darasa la watoto weusi lilisoma sentensi ile likapita, kama mtu anayeruka dimbwi bila kuangalia maji. Hatukujitambua. Tulikuwa tumeshaketi upande wa Portia.

La pili liko mahakamani. Baada ya kushinda, Portia na Antonio wanapanga adhabu, na Antonio anaongeza sharti: Shylock awe Mkristo mara moja. Katika tamthiliya hilo linahesabiwa kuwa ni upole. Shylock anasema anaumwa, anaomba aondoke, na hatumwoni tena. Wengine wanabaki na mwezi, muziki na utani wa pete.

Mkatoliki akisoma hapo inampasa asimame. Ubatizo unatolewa kama faini. Sakramenti ambayo sisi tunamwandaa mkatekumeni kwa muda mrefu, tukimuuliza mara kwa mara kama anataka kwa hiari yake, hapa inatumika kumwaibisha mtu aliyeshindwa kesi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa kuipokea imani. Wiki chache kabla, tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo, Mtaguso ulitamka kwamba mateso ya Bwana hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote walioishi wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Na tayari mwaka 1959 Papa Yohane XXIII alikuwa ameondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowaita Wayahudi wasio waaminifu. Kanisa lilikubali kwamba maneno yake yenyewe, yaliyosomwa kwa karne nyingi na watu wenye nia njema, yalikuwa yamelea chuki. Halikuitupa Ijumaa Kuu. Lilirekebisha neno na likafundisha namna ya kusikiliza.

Angalia tunavyosoma Mateso siku ya Matawi. Padri anasoma maneno ya Yesu, msomaji anasimulia, na maneno ya umati unaotaka Yesu asulubiwe tunayasema sisi, waumini tulio mabenchini. Liturujia haituruhusu kukaa pembeni tukinyoosha kidole. Inatuweka ndani ya umati. Ningependa Mabepari wa Venisi tuisome vivyo hivyo: tusijihesabu upande wa huruma kabla hatujasikia sauti zetu katika kelele za mahakama ile.

Iko sehemu moja katika kesi ile ambayo sisi wa pwani ya kusini tunaweza kuielewa kuliko msomaji wa London. Shylock akiombwa aonee huruma, anawageuzia wakubwa wa Venisi neno. Anawaambia: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa. Nikiwaambia muwaache huru na muwaoze binti zenu, mtanijibu kwamba watumwa ni mali yenu. Basi na mimi nawajibu hivyohivyo, nyama hii nimeinunua. Hakuna mtu katika mahakama anayemjibu.

Kutoka hapa Ufukoni hadi Mikindani ni mwendo mfupi tu wa daladala. Mikindani ilikuwa bandari ya watumwa. Watu walishuka kutoka bara, kutoka nyanda za Makonde na ng'ambo ya Ruvuma, wamefungwa, wakapakiwa majahazini. Mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873 ulifunga masoko, lakini utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi 1922. Biashara ile ilihitaji lugha yake. Aliyetoka pwani aliitwa mwungwana. Aliyetoka bara aliitwa mshenzi, na ukishamwita mtu mshenzi, kamba inafungika kwa urahisi zaidi. Hata neno tunalolipenda, ustaarabu, ukilichunguza utaona Uarabu umo ndani yake, kana kwamba binadamu hakamiliki mpaka afanane na mtu fulani. Soko la watumwa lilifungwa. Neno mshenzi halikufungwa. Lilihamia uwanjani, jikoni na darasani.

Ndipo tunafika kwa mwenzangu. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964. Walikuwa Wamakonde kama Wamakonde wa Newala, lakini upande huu walipewa jina jingine, Wamawia, jina ambalo hawakujichagulia na ambalo halikusemwa kwa heshima. Mama yake alikuwa na chale usoni na tundu la ndonya mdomoni, na siku alipokuja shuleni watoto walimfuata nyuma. Mwalimu alipogawa sehemu za tamthiliya, alimpa yeye Shylock. Sababu aliitoa mbele ya darasa: ulimi wake unachekesha, utafaa.

Tukafika mahali Shylock ananoa kisu chake kwenye soli ya kiatu. Mwenzangu alipokuwa akitaja kisu alisema "chisu". Kimakonde kina chi- pale ambapo Kiswahili kina ki-. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alimwambia arudie. Akarudia. "Chisu." Akamwambia arudie tena ili wote wasikie. Aliyeanza kucheka, naandika hapa kwa majuto, nilikuwa mimi, Portia, ambaye dakika chache kabla nilikuwa nimemaliza kusoma juu ya huruma. Tangu siku ile hakusoma tena kwa sauti darasani. Mwaka uliofuata aliacha shule. Siwezi kusema aliacha kwa ajili yetu. Nyumbani kwao kulikuwa na shida nyingi. Siwezi pia kusema hatukuhusika.

Nikawa mwalimu wa Kiswahili mimi mwenyewe, na kwa miaka mingi nilifundisha kwa njia ileile. Mtoto aliyekosea nilimwambia, "Sema tena wenzako wakusikie." Niliita hiyo kufundisha lafudhi sanifu. Baadaye, nikisoma zaidi, niligundua nilikuwa mwalimu mbaya hata kwa kipimo cha lugha yenyewe.

Kwanza, usanifu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, wenye manufaa yake, na mimi sitaki tuache kufundisha Kiswahili sanifu. Mtoto wa Nanyamba au Kitaya anakihitaji ili afanye mtihani, asome sheria, adai haki yake. Lakini kusema kwamba mkutano umechagua ni tofauti na kusema kwamba aliyeachwa ni mshenzi.

Pili, hiyo chi- tuliyoicheka imo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema chakula, chombo, chumba, choo. Ni ki- ileile iliyogeuka mbele ya irabu. Na watu wa Barawa, kule Somalia, ambao usemi wao ni ndugu wa Kiswahili tangu kale, huita kisu chisu, na hakuna anayewaita washenzi. Kijana yule hakuwa ameharibu lugha. Sisi ndio hatukuijua lugha tuliyojivunia.

Biblia inaufahamu ubaguzi wa namna hii vizuri sana. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi wanavishika vivuko vya mto Yordani, na kila anayetaka kuvuka wanamtaka atamke neno Shibolethi. Anayeshindwa kutamka "sh" wanamtambua kuwa ni Mwefraimu, wanamchinja palepale mtoni. Waliouana ni ndugu, wana wa Israeli wote. Sisi tunaoishi karibu na mto Ruvuma, wenye ndugu kila upande, wanaovuka na kurudi katika vita vya zamani na katika machafuko ya Cabo Delgado tangu mwaka 2017, tunapaswa kuisoma sura ile polepole. Katika madarasa yetu leo wapo watoto waliokuja wakikimbia. Mtoto wa namna hiyo akifungua mdomo, swali la kwanza lisiwe la Gileadi.

Kisha yupo Petro. Katika ua wa Kuhani Mkuu, Injili ya Mathayo, sura ya 26, wanaomtambua wanasema usemi wake unamdhihirisha. Alikuwa na lafudhi ya Galilaya, mkoa ambao watu wa Yerusalemu waliudharau. Kumbuka Nathanaeli alivyouliza kama jambo jema linaweza kutoka Nazareti. Lafudhi ile ilimtia Petro hofu akamkana Bwana. Lakini fungua Matendo ya Mitume, sura ya 2. Siku ya Pentekoste umati unashangaa kwamba hawa wanaosema wote ni Wagalilaya, na kila mtu anasikia kwa lugha ya kwao. Roho Mtakatifu hakuwapa Mitume lafudhi ya Yerusalemu. Na anayesimama kuhubiri hotuba ya kwanza ya Kanisa ni Petro yuleyule, kwa ulimi uleule uliomsaliti uani. Kama katika umati ule palikuwa na kamati ya kupanga wasomaji, nadhani isingemchagua.

Sasa, kitabu tukifanyeje? Wapo watakaosema kiondolewe, kisisomwe na watoto. Sikubaliani nao. Tukikiondoa, tutabaki na kicheko bila kioo cha kujionea. Kitabu kisomwe, lakini kisomwe kizima. Mwalimu awaulize wanafunzi nani alianza kutema mate. Awaulize kwa nini Mwana wa mfalme wa Moroko aliomba msamaha kwa ngozi yake. Awaulize kwa nini mahakama ilinyamaza watumwa walipotajwa, na kama ubatizo wa Shylock ni wema. Na sehemu ya Shylock isipewe mtoto kwa sababu anachekwa tayari. Apewe yule mwenye sauti inayosifiwa, aone mji mzima unavyoonekana ukiwa kinyume chako.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alituachia ufunguo, ingawa hakuuweka katika jina la tafsiri yake. Katika hotuba zake za miaka ya 1990, akionya juu ya ukabila na udini, aliufananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: ukishaionja, hutaacha, utaendelea kula. Sidhani alikuwa akimfikiria Shylock siku hiyo, lakini mimi siwezi kusikia fananisho lile bila kuona ratili ile ya nyama. Venisi ilishtuka kwa sababu Myahudi alidai nyama kwa maandishi. Yenyewe ilikuwa ikila kila siku, mtaani na sokoni, bila hati.

Mwezi uliopita nilipiga hodi nyumbani kwa mwenzangu. Tulisalimiana, Tumsifu Yesu Kristo, akanipa kigoda, mkewe akaleta uji. Nilimwambia nilichokuja kusema, kwamba nilicheka na kwamba naomba anisamehe. Akasema ni mambo ya utoto, ameshasahau. Kisha, akiwa anapiga randa ubao wake, akaanza kusema maneno ya Shylock mahakamani, yale ya watumwa, yote, bila kitabu, baada ya miaka zaidi ya 40. Hakuwa amesahau hata neno moja. Alipofika penye kisu alisema "chisu", akanyanyua macho akanitazama kidogo, akaendelea.

Nilimwomba tena asome somo kanisani. Hajakubali. Amesema atafikiri, na nimemwambia hatutamharakisha, wala hatutampa mtu wa kumfundisha kutamka. Katika orodha ya miezi mitatu ijayo nimeacha nafasi moja wazi, Dominika ya Pentekoste, somo la kwanza. Asipokuja, nitasoma mimi. Akija, nawaomba ninyi mtakaokuwa mabenchini mjue mnamsikiliza nani.